Askerby, Abiria Sifuri

Askerby,
Ijumaa, 4 Machi 2011

Mwanangu mpendwa Clive,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, Sandra na wajukuu wangu hamjambo, na kile kifua cha mdogo kimepona. Mimi mzima, ila goti la kushoto, hilo unalijua, mvua ikikaribia linaanza kulalamika kabla ya redio kusema. Namshukuru Mungu, naamka na nachemsha chai yangu mwenyewe.

Nimeshakusalimu, sasa sikiliza. Nimekasirika, Clive. Nimekasirika tangu jana asubuhi, na kalamu naikandamiza mpaka karatasi inatoboka, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Jana ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio kule Kelbeck. Tulifika kituoni mapema kama kawaida, kila mtu na kikapu chake, tukakuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo. Wameivika plastiki isilowe, utadhani ni kitu cha maana. Mzee Horace alikuwa amesahau miwani, basi Nora akatusomea kwa sauti: basi namba 58 litaacha kupita Askerby mwisho wa Aprili, na safari ya mwisho ni Alhamisi tarehe 28. Sababu, wanasema, ni kwamba kituo cha Askerby hakina abiria.

Hakina abiria! Tulikuwa kumi na mmoja tumesimama mbele ya hiyo karatasi, Clive, kumi na mmoja na mbwa. Horace alinigeukia akaniuliza kama tumekufa na hakuna aliyetuambia. Watu walicheka, lakini mimi sikucheka.

Wewe Alhamisi zetu umezisahau, maana tangu ununue gari hujapanda basi. Kwa hiyo ngoja nikukumbushe. Len Ogden anasimamisha basi pale pale mlangoni karibu na ukingo ili Nora asiinue mguu sana. Kila mmoja ana kiti chake. Horace anakaa mbele na mbwa miguuni, kina dada wawili wa shamba la juu wanakaa kulia wakigombana kuhusu dirisha, na mimi nakaa kiti cha tatu kushoto. Pembeni yangu ni kiti cha baba yako. Ni miaka sita tangu Wilf atutoke, na mpaka leo naweka kikapu changu pale, na hakuna anayekigusa. Kuna mgeni mmoja aliwahi kutaka kukiondoa akae. Nora alimtazama hivi tu, mgeni akaenda kusimama nyuma.

Na unajua ninachokwenda kufanya Kelbeck. Sifuati jibini, ingawa jibini nanunua. Mama yako mkubwa Muriel ananingoja kwenye benchi chini ya saa ya soko. Macho yake sasa ni giza tupu, anaona mwanga tu. Analijua basi letu kwa mlio wake linapopanda daraja, na nikishuka ameshasimama. Namsomea barua zake na gazeti, namkata kucha, tunakula pai ya nyama ikiwa bado moto, halafu mhudumu anakuja kumrudisha chumbani kwake kwenye zile nyumba za wazee za kanisa. Wahudumu pale si wabaya, lakini wana haraka. Aliwahi kuniambia kwamba kati ya Alhamisi na Alhamisi hakuna mtu anayemshika mkono. Mimi siendeshi gari, na goti hili halitembei maili tisa.

Sasa wewe uko hapo hapo makao makuu ya halmashauri. Najua idara yako ni ya maktaba, lakini mnakula kantini moja na hao watu. Nitafutie jina la huyo mjinga aliyeandika kwamba hatupo. Jina lake tu. Mengine niachie mimi.

Nakuombea afya. Mbusu Sandra.

Ni mimi,
Mama yako


Jumatano, 9 Machi 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na pole kwa goti. Sisi hatujambo, kifua cha mtoto kimepona kabisa, Sandra anakusalimu sana. Samahani nimechapa hii kwa kompyuta, nilikuwa na dakika chache.

Nimesoma habari ya basi. Nasikitika, lakini nadhani si vizuri kumtafuta mtu mmoja wa kumlaumu. Mambo haya huamuliwa kwa takwimu. Kila abiria anayepanda anapitisha kadi yake ya wazee ya kusafiri bure kwenye mashine ya dereva, mashine inalia na kuandika, na mwisho wa mwezi takwimu zinafika ofisini. Kwa miaka miwili kituo cha Askerby kimeandika sifuri. Pesa zimepungua kila mahali mwaka huu, Mama, na njia yenye sifuri ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kutakuwa na gari dogo la kuagiza kwa simu siku mbili kabla. Najua hupendi simu, lakini Nora anaweza kukupigia. Na mimi na Sandra bado tunasema lile la zamani: ile nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, na kuna vyumba vizuri karibu na kwetu. Ungekuwa na wajukuu mlangoni.

Jitunze, usitoke kwenye baridi.

Mwanao,
Clive


Askerby,
Jumamosi, 12 Machi 2011

Clive mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Natumaini nanyi pia.

Hivi unaniona mtoto? Nimekuuliza jina la mtu, wewe unanijibu kuhusu vyumba. Nimezaliwa kwenye nyumba hii, nimekuzaa wewe kwenye chumba cha juu kwa sababu theluji ilimzuia mkunga hadi mchana, na nikitoka humu nitatolewa na watu wanne waliovaa nyeusi. Habari ya vyumba usiirudie.

Hilo gari la simu tumelijaribu. Nora alipiga jana. Kwanza mashine ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza. Halafu ikamwambia abonyeze tatu. Akapigiwa muziki muda wa kutosha kumenya viazi vyote vya chakula cha mchana. Mwisho binti mmoja akamwambia Alhamisi imejaa, labda Jumanne. Nora akamuuliza Jumanne kuna gulio gani Kelbeck. Binti hakujua gulio ni nini.

Na kuna kitu kimoja kinanisumbua. Lile tangazo limesema tu kwamba hatuna abiria. Halikutaja miaka miwili. Wala halikutaja mashine. Wewe wa maktaba umeyajua wapi hayo?

Tumeandika barua ya malalamiko, na wote kumi na mmoja tumetia sahihi. Kasisi pia ametia, ingawa yeye ana baiskeli. Na mimi nimeandika yangu peke yangu kwa gazeti la Kelbeck. Nimesema aliyeandika kwamba Askerby haina abiria ni mwongo asiyekuwa na haya, na kwamba mama yake angepaswa kuona aibu. Nitaiposti Jumatatu. Kabla ya hapo nilitaka kuweka jina, kwa hiyo fanya haraka.

Au njoo mwenyewe Alhamisi moja upande basi na sisi, uhesabu. Kuhesabu nilikufundisha mimi.

Mama yako


Jumapili, 20 Machi 2011

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa mkono safari hii. Sandra na watoto wako kanisani, mimi nimebaki nikuandikie.

Gazeti la Kelbeck limetoa barua yako juzi. Mtu aliipeleka ofisini, wakaisoma kwa sauti kwenye chai, wakacheka. Mimi nilikuwepo.

Mama, tangu Oktoba siko maktaba. Maktaba tatu zilifungwa na wengine wetu tukahamishwa. Nilipelekwa idara ya usafiri. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeuliza nafanya nini huko, na ninachofanya huko ni kukata. Nililetewa orodha ya njia kumi na nne nichague sita. Kwenye safu ya Askerby paliandikwa sifuri kila mwezi, mstari mzima. Niliangalia ile sifuri nikajiambia kwamba labda mmezeeka, labda siku hizi Nora anapata mtu wa kumpeleka, labda Mama anakwenda Kelbeck kwa gari la jirani. Sikukupigia wala kukuandikia kuuliza. Nikatia sahihi.

Mashine haina sababu ya kudanganya, Mama. Hilo ndilo sielewi mpaka sasa. Lakini jina unalolitafuta ni langu.

Nakuomba usiwaambie watu wa Askerby. Kamati ya madiwani itakaa tarehe 19 Aprili kupitisha. Sijui kama kuna la kufanya.

Nisamehe.

Mwanao,
Clive


Askerby,
Jumanne, 22 Machi 2011

Clive,

Barua imefika.

Muriel ndiye aliyekulea mwaka ule niliolazwa hospitali na mapafu. Alikuvusha barabara kwenda shule kila asubuhi akikushika mkono, na wakati huo alikuwa anaona.

Sina zaidi. Usiniandikie.

E. Braithwaite


Ijumaa, 1 Aprili 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua ulisema nisiandike. Nataka tu kujua kama goti halijambo na kama una kuni za kutosha. Redio imesema baridi inarudi. Watoto wanauliza kwa nini Bibi hajajibu picha waliyokutumia.

Mwanao,
Clive


Ijumaa, 8 Aprili 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Jana uliniona na mimi nilikuona, kwa hiyo salamu za afya naziruka: ulionekana mzima, umevaa kofia ya buluu, na ulipanda ngazi ya basi haraka kuliko mimi.

Nilichukua siku ya likizo. Niliacha gari kijiji kinachotangulia, pale basi linapoanzia, nikapanda nikiwa peke yangu. Nililipa nauli, mashine ya Len ikalia, ikatoa tiketi. Len hakunitambua, mara ya mwisho kuniona nilikuwa na nywele. Nikakaa nyuma kabisa na daftari.

Tulipofika Askerby mlikuwa mmepanga mstari, na Horace wa kwanza. Nilikuwa na kalamu mkononi. Horace akafungua koti kutafuta kadi, akaanza na mfuko wa ndani, halafu wa nje, na Len akamwambia kitu nilichokisikia mpaka nyuma.

"Iache mfukoni, mzee. Nakujua."

Akapanda. Mashine kimya. Akaja Nora, ana mikoba miwili na fimbo, hata hakujaribu kuitafuta. "Panda, mama, nakujua." Kina dada wa shamba la juu, hivyo hivyo. Wewe ulikuwa na kadi yako mkononi tayari, nimeona, na Len akakuambia uirudishe mkobani, kwani yeye hajui Enid Braithwaite ni nani? Ukacheka ukamuuliza habari za mkewe. Watu kumi na mmoja, Mama. Niliandika vijistari kumi na moja kwenye daftari, na mashine haikulia hata mara moja.

Hapo nilielewa, na nilihisi vibaya mpaka nikataka kushuka. Miaka yote hiyo Len amewapandisha kama anavyokaribisha watu nyumbani kwake, na kila Alhamisi aliyowafanyia adabu hiyo amewafuta kwenye karatasi zetu. Leo asubuhi nimeagiza takwimu za jana zisingoje mwisho wa mwezi. Basi namba 58, abiria mmoja. Huyo mmoja ni mimi.

Ulipogeuka ukaniona, nilisimama. Nilikuja mpaka kiti cha tatu kushoto. Wewe uliangalia dirishani, na kikapu kikabaki pale kilipo. Nora akanitazama hivi tu, nami nikarudi nyuma. Sikulaumu.

Kelbeck nilikaa mbali. Kwa dirisha la basi nilimwona Muriel ameshasimama kabla hatujafika kituoni. Nilimwona akishika mkono wako na kutouachia mpaka kwa muuza jibini, na pale alipopewa kipande aonje akakigawa nusu akakupa bila kuona. Ulimsomea gazeti, nadhani ulimsomea barua yako mwenyewe, maana alicheka mpaka akafuta macho. Saa nane mlipoagana alibaki amesimama pale chini ya saa mpaka mlio wa basi ulipokwisha. Nilikuwa ndani ya basi, nilimwona kwa kioo cha nyuma.

Sasa najua la kufanya. Nikiwaeleza madiwani tarehe 19 kwamba dereva hapitishi kadi, watajua ile sifuri si ya kweli. Njia itabaki. Nitaandika taarifa Jumatatu.

Mwanao,
Clive


Askerby,
Jumapili, 10 Aprili 2011

Clive,

Nilikusudia nisikuandikie tena. Leo naandika kwa ajili ya Len Ogden.

Usithubutu. Umenisikia? Ukiweka jina la Len kwenye karatasi yako, usije hata kwenye mazishi yangu. Len amebakiza miezi kumi na minne apate pensheni yake. Mkewe ana ugonjwa ule wa kusahau, na asubuhi lazima amvalishe viatu kabla ya kwenda kazini. Ukiwaambia kwamba miaka yote hii hakupitisha kadi, atafukuzwa siku hiyo hiyo. Na wewe ndiye utakayekuwa umemfukuza. Umezoea kutia sahihi, naona.

Nimewaambia wenzangu. Sikuwaambia kwamba ni wewe. Hilo lilinishinda, ulimi ulikataa. Niliwaambia habari ya mashine tu. Ingekuwa kheri ungeona nyuso zao, Clive. Horace alikaa chini kwenye ukuta wa kanisa. Maana unafikiri kosa ni la Len peke yake? Ni letu. Mwaka wa kwanza wa kadi hizi tulikuwa tunazitoa. Halafu ikawa inaonekana vibaya. Mtu anayejua jina la paka wako, mtu aliyelibeba jeneza la mume wako, unamwonesha kadi yenye picha kama askari wa mpakani? Ilikuwa aibu. Tukaona kuipitisha ni kumwambia Len kwamba hatumwamini au yeye hatuamini sisi. Hakuna aliyetuambia kwamba kile kimashine ndicho kinachosema kama tunaishi.

Na Len alipoambiwa, unajua alisema nini? Alisema atakwenda ofisini mwenyewe Jumatatu akiri. Nilimshika koti. Nilimwambia akienda nitalala barabarani mbele ya basi, goti au si goti.

Lakini hasira yangu kubwa si kwa mashine. Ni wewe. Nyinyi mna jengo zima la watu wenye miguu mizima na magari, na hakuna hata mmoja aliyeona vema kuja kusimama kwenye nguzo ile Alhamisi moja, dakika tano, akafumbua macho. Hata wewe, uliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale. Ulimwamini nani kunishinda mimi? Mstari wa sifuri. Ungeniandikia neno moja: Mama, bado unakwenda kwa Muriel? Ningekujibu kwa posta ya siku hiyo.

Basi mlikate, kama hakuna njia nyingine. Nitatafuta jinsi ya kumwambia Muriel. Lakini kwa mgongo wa Len, hapana.

Mama yako, kwa bahati mbaya


Jumatano, 20 Aprili 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini nawe u mzima, na kwamba hukulala barabarani.

Kamati ilikaa jana. Sikulitaja jina la Len, wala sikutaja kadi. Sikuwa na haja. Baada ya barua yako nilikaa na kitabu cha taratibu za idara, nikatafuta ukurasa ambao nimeujua tangu Oktoba na nimejifanya siujui. Njia haikatwi kwa takwimu peke yake. Lazima kwanza mtu wa idara aende akapande mwenyewe, siku tatu za gulio, ahesabu watu kwa macho, aandike. Kwa njia zile sita, hakuna aliyekwenda. Mimi ndiye niliyepaswa kutuma mtu, na kwenye fomu nilitia alama kwamba amekwenda. Nilijiambia kuhesabu sifuri ni kupoteza petroli.

Kwa hiyo nilisimama nikawaambia madiwani hivyo. Kwamba ile alama ni ya uongo na ni yangu. Kwamba tarehe 7 Aprili nilipanda basi hilo kwa nauli yangu na nikahesabu watu kumi na mmoja Askerby. Diwani mmoja akauliza kwa nini basi mashine inasema vingine. Nikamjibu kwamba sikwenda kuhesabu mashine. Mwenyekiti akaniuliza kama ninaelewa ninachokisema mbele ya mkuu wangu wa idara. Nikasema naelewa. Kisha, sijui kwa nini, nikamwambia kwamba barua ile ya gazetini, waliyoicheka ofisini, iliandikwa na mama yangu, na kila neno lake ni kweli. Hapo hakuna aliyecheka.

Njia zote sita zimesimamishwa kukatwa mpaka Septemba. Kuanzia Alhamisi ijayo kutakuwa na mtu ndani ya basi anayehesabu, na mashine pia zitaangaliwa. Wanaangalia kuanzia sasa, Mama, si nyuma. Unanielewa. Mwambie Len, na mwambie Horace atafute kadi yake tangu usiku wa Jumatano.

Mimi nimeandikiwa onyo, na idara ya usafiri haitaniona tena. Watanipa meza kwenye chumba cha nyaraka za zamani, chini, kusiko na dirisha, na mshahara utashuka ngazi moja. Sandra alikasirika siku nzima. Halafu jioni akasema angalau nitakuwa nalala. Alhamisi sitakuwa nafanya kazi huko. Wamenipunguzia siku pia.

Sikuombi kitu.

Mwanao,
Clive


Askerby,
Ijumaa, 29 Aprili 2011

Mwanangu Clive,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na Sandra na watoto hamjambo. Picha yao nimeipokea na iko juu ya jiko, ingawa mkubwa amenichora nina pua ambayo sina. Mimi mzima. Goti ni lile lile. Leo redio zote ni harusi ya kifalme, nimeizima nikuandikie.

Kwanza, bado nimekasirika. Kutia alama ya uongo kwenye karatasi! Mtoto niliyemchapa kwa kudanganya kuhusu yai moja! Ningekuwa mkuu wako ningekupa maonyo mawili. Hilo nimelisema, na nitalisema tena.

Pili, jana. Mtu wa kuhesabu alikuja kweli, kijana mpole mwenye ubao wa kuandikia, akakaa pale nyuma ulipokaa wewe. Len alifungua mlango akiwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema, "Samahani, mama, naomba kadi," kama mtu anayeomba nguo yako. Horace aliipitisha ikalia, akaruka, na mbwa akabweka. Kina dada waligombana kadi ya nani ilie kwanza. Mimi yangu ililia. Ya Nora ndiyo haikulia. Ikapigwa tena, haikulia. Len akaitazama: muda wake ulikwisha mwaka jana, na hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Nora alilipa nauli kwa mara ya kwanza tangu astaafu, na alinung'unika mpaka darajani. Yule kijana aliandika kumi na mmoja. Nilisimama nyuma yake nikahakikisha.

Septemba si mbali, na siwaamini hao watu hata kidogo. Tutapanda kila Alhamisi mpaka mashine ichoke.

Tatu, niliwaambia kwamba ni wewe. Niliona haifai wakutane na habari hiyo kwa mtu mwingine. Niliwaambia yote, ya mwanzo na ya mwisho. Halafu Horace akauliza kama wewe ndiye yule mtoto aliyevunja dirisha la kanisa kwa mpira akaenda mwenyewe kugonga kwa kasisi. Nikasema ndiye. Akasema, basi.

Muriel naye nimemwambia. Aliuliza chumba hicho chako cha chini kina baridi kiasi gani. Anakufumia soksi. Anafuma kwa kugusa, kwa hiyo moja itakuwa kubwa kuliko nyingine, nawe utazivaa zote mbili na usiseme neno.

Sasa umesema Alhamisi hufanyi kazi. Basi linapita Askerby saa nne kasoro dakika ishirini na halimngoji mtu. Acha gari nyumbani kwangu. Kadi huna, bado kijana, kwa hiyo utalipa, na hakikisha mashine imelia. Usiende kukaa nyuma kama mgeni.

Kikapu nitakipakata.

Ni mimi,
Mama yako